Fundi kwa Fundi

Mheshimiwa, jina langu Mgeni Salimu Chambo,
nakaa Makorora, kazi yangu cherehani.
Nimeapa kwa msahafu, na kidole bado kina chaki ya kitambaa.

Mdai anasema ananidai laki nne na nusu.
Kweli. Sijamlipa. Liandikwe hilo kwanza,
karani asije akachoka kabla hatujafika penye neno.

Tulipatana barazani kwangu, mwezi wa Shaabani,
yeye anakunywa chai, mimi napima kiuno cha mtoto wa jirani.
Chumba kimoja, ukumbi mdogo, choo cha nje.
Hatukuandikiana.
Utamwandikisha vipi mtu aliyebeba jeneza la mumeo?

Saruji nilinunua mimi, mifuko ishirini na miwili.
Risiti hizi hapa,
nimezishona pembeni kwa uzi mwekundu zisipotee.
Kiwandani Pongwe si mbali, moshi wake tunauona;
ukutani kwangu ndiko saruji haikufika.

Naomba nifungue mfuko.
Kipande hiki cha plasta nilikibandua Jumatatu
kwa kucha, Mheshimiwa, si kwa tindo.

Nikakiweka mezani. Kikajivunjia chenyewe,
mchanga ukamwagikia faili,
karani akapuliza, akapiga chafya.
Watu wakacheka. Shekiondo hakucheka.

Nikaendelea. Mvua ya vuli ilipopiga,
ukuta ulifumuka kutoka dirishani hadi msingini
kama msamba wa suruali.
Ukimwaga maji sakafuni yanakimbilia uvunguni.
Mlango haufungi mpaka uunyanyue kwa goti.

Mimi suruali niliyoshona ikimpasukia mtu sokoni,
anarudi nayo, na matusi juu.
Simwambii, "Nilipe kwanza, uchi wako tutauzungumza baadaye."
Nafumua. Nashona upya. Uzi wangu, usiku wangu.
Yeye nilimwita mara tatu:
ya kwanza yuko Muheza,
ya pili ana msiba,
ya tatu simu imeita mpaka imechoka.
Aliponikumbuka, alimtuma tarishi wa mahakama.

Hapo akasimama, kofia mkononi.
Hakunitazama.
"Muulizeni," akasema, "mchanga ulitoka wapi."

Feni ikasikika.
Hakimu akaniangalia kwa juu ya miwani.
Ningeweza kusema sijui;
msahafu ulikuwa bado pale, shubiri mbili kutoka kwenye risiti zangu.

Mchanga wa mto, wa Zigi, lori lake ghali.
Nilimwita kijana wa mkokoteni, akaniletea usiku
mchanga wa ufukweni Sahare, elfu thelathini.
Shekiondo aliuonja kwa ncha ya ulimi, akatema.
"Dada Mgeni, huu una chumvi."
Nikamjibu, "We changanya tu, mvua itauosha."

Niliyasema hayo kwa sauti ile ile
niliyosomea risiti. Sikujua kama ninayo nyingine.

"Na saruji?" hakimu akamgeukia. "Ishirini na miwili?"
Shekiondo akapindua kofia, ndani ikawa nje.
"Kumi na sita. Sita nili..."
Hakumaliza. Duga nzima inalijua baraza lake jipya,
linang'aa, ukiteleza unavunja nyonga.

Tukasuluhishwa.
Nusu ya deni nilipe kwa miezi mitatu.
Yeye abandue plasta yote, apige upya,
mifuko sita itoke kwake, mchanga wa Zigi utoke kwangu.
Nje, kwenye ngazi, alinipisha nipite.
Sikumshukuru.

Leo Jumamosi amekuja na tindo na kijana mmoja.
Tumeitikiana salamu nusu nusu.
Anagonga, nakanyaga cherehani; akipumzika, nami napumzika,
sijui nani anamfuata nani.

Lori limemwaga mchanga.
Ameinama, amechota kiasi cha chumvi ya mchuzi,
ametia ulimini.
Namtazama dirishani, pini zimenijaa mdomoni,
nangoja ateme.

Anachukua koleo.