Mlango wa Chumvi, Toleo la Sita

Msinionyeshe njia, mimi si mgeni humu.
Nililijua gemu hili lingali changa,
skrini yake rangi ya chai ya kijani iliyopoa,
haina taa, haina huruma,
betri nne kwa mkupuo zikimeza posho yangu.
Usiku, ndani ya lori la baba, tukitoka Hirosaki,
makreti ya tufaha yakigongana nyuma yetu,
nilicheza kwa mwanga wa nguzo za barabarani:
nguzo moja, hatua tatu;
giza, ngoja;
nguzo nyingine, chomoa upanga.
Kaka yangu Kazuhito alizihesabu kwa sauti
ili nijue lini nitaona tena.

Shujaa hakuwa na jina. Ulimpa wewe,
katika visanduku vinne, wala si zaidi.
Kazuhito aliingia mzima, kama aliyepimiwa.
Mimi, Shunsaku, nilikatwa mkia,
nikauokoa ulimwengu mara tano
kwa jina la Shunsa.

Sasa toleo la sita limetoka.
Nimelinunua siku ya kwanza, mtu wa miaka arobaini na mitatu,
nimepanga foleni kwenye theluji nyuma ya watoto wa shule
kama mzazi aliyekuja kumchukua mwanawe.

Nianze na haki yake: mvua ni nzuri.
Juu ya bati inalia vingine, juu ya majani vingine,
na aliyeitengeneza amewahi kulowa.
Zimwi la kinamasi bado lina haya,
bado linageuza uso ukilitazama sana.
Visanduku vya jina sasa ni kumi na viwili.
Nimeandika Shunsaku, kamili,
na sikumtambua.

Lakini kasuku! Nani alimwalika kasuku huyu?
Yuko begani tangu mwanzo, mdomo hauna breki:
Ufunguo uko kisimani. Geuka kushoto. Kunywa dawa.
Na mshale wa dhahabu angani, usiku na mchana,
kama mjomba anayekukatia nyama sahanini
na wewe una meno yako yote.

Tuliwahi kukwama, Kazuhito na mimi,
siku kumi na moja mbele ya Mlango wa Chumvi.
Tuliupiga kwa upanga, kwa nyundo, kwa bomu,
tukachora ramani nyuma ya kalenda ya chama cha wakulima,
tukalaumiana, tukanuniana, tukapatana.
Siku ya kumi na mbili mama akaita, chakula kinapoa,
nikaiacha mashine kando ya jiko la mafuta ya taa.
Tuliporudi, midomo inang'aa mafuta,
mlango ulikuwa wazi.
Haukutaka nguvu. Ulitaka usiguse kitu
kwa dakika moja nzima.
Darasani hatukumwambia mtu.
Tulitembea na siri ile kama wenye pesa mfukoni.

Katika toleo la sita mlango upo palepale.
Sekunde sita tu, na kasuku: Simama tuli, rafiki!
Nikaitupa mashine kwenye mto.
Binti yangu Mifuyu, aliyelimaliza gemu kwa siku mbili
na kulia mwishoni machozi ya kweli,
akainua kichwa: Baba, si umnyamazishe tu?
Ukurasa wa nne wa mipangilio, chini kabisa.

Nikamnyamazisha. Mshale nao nikauzima.
Nikasimama mbele ya chumvi, theluji ikidondoka dirishani,
mimi na giza langu la zamani.
Sekunde ya ishirini kidole gumba kikacheza,
chenyewe, kama samaki kwenye ubao.
Nikaanza upya. Ya thelathini na tano.
Nikaanza upya. Simu ikatetemeka mfukoni,
na kabla sijajua nimeitoa, nimeitoa.

Usiku nikampigia Kazuhito, yuko Nagoya siku hizi.
Nikamwambia, gemu wameliharibu.
Akauliza, wameliharibu wapi?
Sikuwa na jibu la haraka.
Naye hakukata.