Pikapu

Nilimwambia mama kwenye simu: nimebadilisha pikapu.
Akapiga vigelegele.
Akauliza rangi, akauliza inabeba magunia mangapi.
Mama, ni pikapu za gitaa,
visanduku viwili chini ya nyuzi, vinavyosikiliza.
Akanyamaza. Kisha: Kwa hiyo huna gari.

Sina gari. Nina meza ya jikoni hapa Sheffield,
gazeti la bure nimelitandaza,
chuma cha kulehemu nilichoazima kwa Gareth wa chini,
na mvua ya Novemba ambayo haijaamua kunyesha.

Zile za zamani zilikula betri.
Miaka tisa nimezilisha,
nazo zikanilipa sauti safi kama sahani ya hospitali,
kila noti imepigwa pasi.
Niguse kwa upole, niguse kwa hasira, ni mamoja.
Hadi arusi ya Saluma, ukumbi wa kanisa kule Attercliffe,
bibi arusi kavua viatu, watu wamesimama,
betri ikakata roho.
Sauti ikawa nzi ndani ya chupa, kisha ikawa hakuna.
Kitwana, nyuma ya ngoma zake, alinitazama
kama anavyotazamwa mtu aliyekamatwa na koti la mwenzake.
Nguo ya kuazima, walisema, haisitiri,
na pale isipositiri palionwa na ukumbi mzima.

Basi leo nafungua mgongo wa gitaa.
Natoa betri, kinabaki kishimo cha mstatili chenye sponji.
Natoa vifundo vya om elfu ishirini na tano,
naweka vya laki tano, maana hizi mpya hunong'ona,
ukizibana kidogo tu zinameza maneno.
Sumaku, na waya mwembamba kuliko unywele
uliozungushwa maelfu ya mara na mkono nisioujua.
Basi. Hakuna cha kulisha.

Nachomeka: uvumi.
Uvumi usio na habari. Jengo zima linanguruma ndani ya amplifaya,
friji, taa ya ngazi, hita ya Gareth.
Nikalaani. Nikachemsha chai, nikaisahau.

Saa nne usiku Gareth akapanda na soksi zake za sufu,
akachungulia, akasema: waya wa ardhi.
Zile za betri hazikuuhitaji, kiwanda hakikuuweka.
Mwili wa mtu, alisema, huokota kelele za nyumba nzima,
ukiushikiza kwenye ardhi unatulia.
Ardhi gani, sikumuuliza.

Nikatoboa hadi kwenye daraja la nyuzi,
nikapitisha waya, nikalehemu,
tone la risasi likang'aa kama jicho la dagaa, likapoa.

Ikiachwa peke yake bado inavuma.
Naweka kiganja juu ya nyuzi:
kimya.

Kisha napiga.
Nikigusa polepole inasema polepole.
Kidole cha mwisho, kumbe, ni mvivu,
miaka tisa betri ilikuwa inamfichia siri.

Ile betri ya akiba nimeipa kengele ya moshi ya ukumbini.
Tangu Machi ilikuwa inalia kila dakika,
nami nilidhani ni ndege.