Foleni ya Miwa, Labasa

Tangu saa kumi alfajiri tumo foleni,
malori ishirini na mawili, pua kwa mkia,
kutoka lango la kiwanda hadi darajani.
Muwa ukishakatwa hauna subira, unachachuka.
Subira ni yetu sisi, tunaolipwa kwa kukaa.

Nesi Losalini amekuja na kigari cha sokoni,
utepe wa fundi cherehani shingoni,
kimashine kidogo kama kiberiti.
Anapita dirisha kwa dirisha akiomba kidole.

"Umri, Bisun?"
Arobaini na tisa. Lori hili nimelizidi kidogo tu.
Utepe ukanizunguka kiuno, ukaishia njiani,
akamalizia kwa shubiri.
Mkono ukabanwa: presha juu.
"Na mazoezi?"
Nikamwonyesha kanyagio la klachi.
Hapo akacheka.

"Nani kwenu ana sukari?"

Swali gani hilo, katika mji
ambao hata shuka kwenye kamba hunuka sukari
kuanzia Juni, bomba la kiwanda likianza kupumua.
Lakini nilijua anauliza ipi.

Baba. Mguu wa kushoto,
mwaka ule kimbunga kilipong'oa paa la shule.
Aliendelea kununua ndala jozi kwa jozi,
maana dukani hawauzi moja.
Za kulia zililika mpaka zikatoboka.
Za kushoto alizisukuma chini ya kitanda,
mpya, bei bado imebandikwa kwenye soli.
Siku ya matanga nilizihesabu: kumi na moja.

Mbele yangu yupo Vilikesa, mwili kama tangi la maji,
ila jioni hulima magimbi kwa mkono
na kwao hajaugua mtu. Nambari yake ikatoka safi.
Nyuma yangu Munsami, mwembamba kama ufito,
sigara moja huwashia nyingine.
Naye amepona, kwa leo.
Mimi ninacho cha huyu, ninacho cha yule,
na cha marehemu juu yake.

"Umekula?"
Tangu jana usiku, bado.
Tone likafyonzwa. Sita nukta sita.
"Hujawa nayo," akasema,
"ila imeshajua jina lako."

Hakuhubiri. Alichomoa muwa mmoja kwenye mzigo wangu,
akauweka juu ya boneti.
"Huu utavunja ekseli?"
Nikamwambia aache utani.
"Na ule? Na ule pale?"
Nikanyamaza.
"Mwaka jana ekseli yako ilivunjika kilimani.
Nitajie muwa ulioivunja."

Kisha, akifunga kimashine chake:
"Na haya hayajumlishwi kama nauli, Bisun. Yanazidishana.
Kitambi humpa presha mkono,
usiku wa kulala kwenye usukani huwachochea wote,
na damu ya mzee wako ndiyo iliyowaachia mlango wazi."

Haba na haba, kibaba kimejaa.
Aliyekijaza ni mimi, tena nimeketi.

Saa tano tukasogea mita nne.
Mchana, mizani ya kiwanda ikasoma
tani kumi na mbili na ushee.
Karani akagonga muhuri, hakuinua macho.
Uzito wa dereva haumo kwenye fomu.

Leo ni Alhamisi, nipo tena foleni.
Chupa ya chai ipo pale pale kwenye dashibodi,
vijiko vitatu kwa kikombe, kama alivyozoea kuniwekea Sunila.
Sijaimwaga. Sijainywa.
Injini nimeizima, nimeshuka,
natembea hadi darajani na kurudi,
na Munsami ananipigia honi, anauliza nimepoteza nini.

Mguu wa kulia nimevaa ndala yangu, imelika.
Wa kushoto nimevaa ya baba,
mpya, na inabana.