Ugali wa Julai

Tosamaganga, baridi imeingia bila hodi.
Nasema: mikono. Deo anafumba jicho moja,
la pili linalinda kipande kikubwa cha parachichi.
Nakimbiza sala,
ugali wa Julai haungoji amina.

Skola, miaka mitatu, anapiga ishara ya msalaba
kwa mkono wa kushoto: pua, kitovu, sikio.
"Kwa jina la Baba," namwanzishia.
"Fulgensi," anamalizia.

Deo anacheka hadi kwikwi.
Mimi simsahihishi.
Fulgensi yuko Mufindi, anapasua mbao,
wiki ya sita sasa;
maharage haya yametoka begani kwake.

"Na la Mwana."
"Mimi!" anadakia Deo.

Mvuke umekwisha kwenye bakuli.
"Amina," anasema Skola,
mdomo umeshajaa.