Mahali pa Ndoo

Mkutano ulianza saa nane, ukumbini,
kwenye viti vile vile vya mbao
vyenye herufi za manispaa zilizochomwa mgongoni.
Mbele, juu ya meza ya mpira wa meza,
walikuwa wameweka mji wa kadibodi:
minara minne, ghorofa kumi na nne kila mmoja,
miti ya sifongo,
watu wadogo kama njugu, wasio na nyuso,
na hakuna hata kamba moja ya nguo.

Kijana wa kampuni, Bwana Kitonyi, alikuwa mpole.
Alisema lifti. Alisema maji kila siku.
Alisema ukumbi mpya utakuwa chini ya mnara wa pili,
karibu na maegesho.
Rispa Awinja akauliza: na stima ikipotea?
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
Akauliza tena: jeneza je, litashukaje kutoka juu kule?
Kitonyi akaandika kitu kwenye daftari.
"Tutalizingatia, mama."

Akasimama Ezra Ogutu,
mzaliwa wa nyumba nambari arobaini na moja,
aliyehama mwaka wa themanini na tatu
na siku hizi huja Jumapili, na kamera.
Akazungumzia mawe yaliyochongwa kwa mkono,
vigae vyekundu, matao ya baraza,
jukwaa ambalo mbao zake zinakumbuka kila harusi.
Akasema, jengo hili lina roho.
Zipora Nyaboke akamjibu bila kuinuka:
"Ichukue roho yake ikalale kwako leo.
Mimi choo nachangia na nyumba sita."

Nami nilikuwa pale, fomu gotini.
Visanduku viwili: Bomoa. Hifadhi.
Nilitafuta cha tatu, cha kuziba paa tu,
nikageuza karatasi; nyuma palikuwa peupe.

Hapa baba alipigwa konde na bondia wa Shauri Moyo,
akainuka na jino lake kiganjani, akitabasamu.
Hapa nilifunzwa kushona,
cherehani kumi na mbili, sindano tano.
Hapa, mwaka ule wa moshi, tulilala wiki tatu
na majirani ambao redio ilisema si majirani,
tukavuta blanketi huku na huku hadi alfajiri.
Hayo siwezi kuyatia kwenye kisanduku.
Lakini siwezi pia kuyaezekea nyumba.

Kisha mvua.
Haikubisha hodi.
Na bila mtu kutoa amri, watu wakasogea:
safu ya tatu ikagawanyika katikati kama nywele kwa kitana,
wazee wa dirishani wakavuta viti hatua mbili kushoto,
mtoto wa Zipora akainua miguu, hakuacha kutafuna muwa.
Sote tunajua panapovuja.
Ezra naye alisogea,
miaka yote hiyo, akasogea bila kutazama juu.

Kitonyi peke yake alibaki alipokuwa.
Tone la kwanza likampata kwenye paji la uso.
La pili likaangukia mnara wa pili,
kadibodi ikaanza kulegea, ghorofa juu ya ghorofa.
Hakuna aliyecheka sasa.
Rispa, yule wa jeneza,
akafungua leso yake kiunoni
akaifunika ile minara yote minne,
taratibu, kama mtu afunikaye ugali
wa anayechelewa kurudi.

Nilitia tiki kwenye Bomoa.
Nasema wazi, mnisikie kwangu kwanza.
Mama ana kifua, ukuta wetu una ukungu wa kijani
ninaousugua kila Jumamosi nao hurudi Jumanne.
Nikaikunja fomu, nikaitia kwenye sanduku lao.

Ila nilipokuwa nikitoka
niliichukua ndoo nyuma ya jukwaa
nikaiweka pale, mahali pake,
chini ya kigae kilichopasuka kabla sijazaliwa.
Ilianza na mlio wa bati tupu.
Nikangoja, mkoba begani,
mpaka mlio ukabadilika.