Moja kwa Thelathini na Tano

Mchana natengeneza meno ya watu.
Usiku, karakana ya Makole ikishafungwa,
nashusha taa ya mezani, nasogeza kando
taya za plasta zinazonitazama bila midomo,
nafungua boksi la lori la jeshi.

Vipande mia mbili arobaini na viwili
vimening'inia kwenye vitawi vyake
kama zabibu ambazo haziivi.
Nakata kimoja, nakwangua kovu lake kwa wembe,
napitisha msasa mpaka kidole kikose cha kulalamikia.
Bawaba ya mlango ni ndogo kuliko chawa.
Nikipiga chafya, kioo cha pembeni kimekwenda,
nami natambaa sakafuni, tochi mdomoni,
mtu mzima wa miaka arobaini na sita,
namwomba Mungu kitu kisichozidi punje ya ulezi.

Mke wangu Mbeleje ameshaacha kuuliza.
Huwaambia tu majirani: "Wa kwangu halewi.
Ana magari kumi na moja, na hatuendi popote."

Adui yangu alikuwa Agosti.
Upepo wa Dodoma hauna adabu, haubishi hodi,
hupita chini ya mlango na kulala juu ya rangi mbichi.
Miaka mitatu nilipigana nao
kwa matambara ya maji, chandarua juu ya meza,
pumzi niliyoibana mpaka masikio yakavuma.
Kisha nikasikia kwamba wenzangu wa nchi za mvua
vumbi wanalinunua.
Kichupa kimoja, bei ya kuku wawili,
wapake magurudumu yaonekane yametembea.
Nilicheka peke yangu usiku ule.
Nikaenda nikafungua mlango.

Lori hili nilimpelekea baba mdogo Ndahani, Mvumi.
Liliwahi kuwa lake, likiwa na urefu wake wote,
mwaka wa sabini na tisa, vitani.
Alilishika kwa viganja viwili, kama kifaranga.
"Kijani hiki umekitoa wapi?
Sisi tulikuwa na matope.
Kijani kilikuwa kwenye makaratasi."
Akaligeuza. Kidole chake kikasimama mlangoni,
pale nilipotoboa kwa sindano ya moto
matundu matatu, na nilikuwa najivunia.
"Na hivi vya nini?"
"Risasi, baba."
"Mlango wangu haukupigwa.
Mlango wangu ulikuwa haufungi.
Niliufunga kwa kamba ya katani
tangu Kyaka mpaka tuliporudi."
Akanyamaza. Kuku akapita katikati yetu.
"Upande huu alikaa Mathiya.
Kwenda, alikaa hapa.
Usimweke mtu."

Basi nikarudi mjini na kazi.
Matundu nikayaziba kwa dawa ile ile ya kuzibia meno,
nikasawazisha, nikapaka matope juu ya kijani,
matope juu ya matope.
Uzi mmoja wa katani niliuchambua mara nne
hadi ukabaki unywele,
nikaufunga kwenye kitasa kwa koleo ya kidaktari.
Fundo lilifunguka siku mbili mfululizo,
la tatu likashika.
Kiti kile kilinichukua wiki.
Hakuna anayekuuzia rangi ya mahali palipokaliwa.
Nilipaka, nikafuta kwa kidole, nikapaka,
mpaka katikati pakabonyea kwa macho,
ingawa plastiki haikubonyea.
Mwisho nikachekecha vumbi la uani kwake
kupitia soksi ya Mbeleje, bila ruhusa.

Alikuja kuidai soksi.
Akainama, akachungulia kwa tochi dirishani,
dirisha lisilozidi ukucha,
akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyozoea.
"Kuna mtu ameshuka hapa," alisema.

Nikamwambia afunge mlango, upepo umeingia vya kutosha.
Meno ya juu ya mwalimu mmoja wa Nkuhungu
yalitakiwa saa tatu asubuhi,
na nilikuwa bado sijayang'arisha.