Jani la Mti Gani

Saa nane za usiku Bwana Shaji kaniletea boksi.
Ndani majani elfu sita, ya karatasi, yana gundi mgongoni.
"Bandika," kasema, "umalize kabla ya alfajiri.
Kesho duka letu linakuwa rafiki wa mazingira."

Nikabandika.
Chupa za maji ni zile zile za juzi,
sabuni ni ile ile inayonichubua viganja,
matango ni yale yale, kila moja na sanda yake ya nailoni
kama maiti walioshwa wakasahauliwa na gari.
Chupa, jani. Tango, jani.
Hata muadhini wa Maabela alipokohoa kwenye kipaza sauti
nilikuwa nimeotesha msitu mzima
na sijamwaga kikombe cha maji.

Mlangoni wametandika nyasi za plastiki.
Mtoto mmoja alivua viatu azikanyage,
akavivaa tena.

Nje digrii arubaini na sita.
Ndani mafriji yameachwa vinywa wazi, usiku na mchana,
yanampulizia baridi aliyepo na asiyekuwepo,
na juu yake bango: TUNAIPUNGUZIA DUNIA JOTO.
Joto hilo nalijua linakokwenda.
Zunguka uani, kwenye mapangaboi ya mashine,
pale tunapochuchumaa na chapati zetu:
lote limemwagwa hapo.

Sisemi Bwana Shaji ni mwongo.
Alitukusanya stoo akatuonyesha kwenye simu
kasa aliyenyongwa na kamba, ufukweni Ras al Hadd,
na sauti ikamkatika, wallahi ikamkatika.
Kisha ndio akaniletea boksi.

Baada ya alasiri aliingia Bi Ghaniya, wa Al Khoudh,
Kiswahili chake cha Unguja hakijapigwa na jua la huku.
"Wewe mtoto wa wapi?"
"Tanga, bibi."
"Basi nambie la Tanga, usinambie la dukani."
Akainua chupa, akashusha miwani.
"Hili jani la mti gani?"

Nikalitazama. Nimebandika elfu sita, sijalitazama hata moja.
Si la mdimu. Si la mkunazi.
Si la ule mghafu uliokuwa hapa penye maegesho,
alioufunga mbuzi wake miaka hiyo, kabla ya lami.
"Bibi," nikasema, "ni la mti wa kompyuta."

Akacheka mpaka akashika rafu.
Halafu hakucheka.
"Beberu wangu wa Idi, tulisema huyu kanona, mashaallah.
Kisu kilipopita tumboni, mifuko.
Mmoja jina la duka lenu lilikuwa linasomeka."

Sikumwambia wangu.
Ule mfuko mpya wa baisa mia mbili, ulioandikwa UNAOZA,
niliufukia nyuma ya kambi yetu, mwezi wa Rajabu,
karibu na bomba linalovuja, nisiuonee.
Mfunguo mosi nikaufukua.
Mchanga ulikuwa umechoka. Mfuko haujachoka.
Neno UNAOZA linang'aa kama kucha za bibi harusi.

Maji aliyanunua. Kiu haisomi bango.
Pale kwenye mashine ya kulipia alilibandua jani kwa ukucha,
taratibu, kama anayemtoa mtoto kupe,
akanibandika mgongo wa mkono.
"Chema chajiuza, mwanangu,"
nusu ya pili akaniachia niibebe mwenyewe,
akatoka, akapita juu ya nyasi bila kuzitazama.

Usiku niliosha mkono mara tatu,
kwa ile sabuni rafiki.
Ngozi ilitoka, jani halikutoka.

Siku ya nne lilianza kujikunja pembeni,
likawa kahawia, likaingia vumbi kwenye mshipa wake wa kati,
na hapo, kwa mara ya kwanza,
likafanana na jani.